Swali la Mjomba

Celestino hafundishi tena kuendesha lori. Ukimtafuta siku hizi utamkuta Pajulu, shambani kwenye mihogo yake au kibarazani akimenya karanga. Ukimwuliza habari za shule ya udereva atakwambia shule ipo, walimu wapo, nenda mjini Arua utawakuta. Zaidi ya hapo hasemi. Wapo wanaonong'ona kwamba alifukuzwa. Hakufukuzwa na mtu. Aliweka mhuri wake mezani kwa mwenye shule, akachukua kofia yake akatoka, na ingekuwa vizuri kama watu wangeacha kusema wasiyoyajua.

Alifundisha miaka ishirini na miwili. Wanafunzi walimpa jina la Hapana, na alilijua, na nadhani lilimpendeza. Maana mtu aliyekwisha kupata pamiti, yaani leseni, ya gari dogo akitaka kupanda daraja, aendeshe lori zito, lazima apitie shuleni. Hupewa kijitabu chenye mistari: kurudi nyuma na trela, kuondoka mlimani bila kuteleza, kufunga mzigo, safari ndefu. Kila somo likiisha mwalimu hutia saini kwenye mstari wake. Mistari yote ikijaa hupigwa mhuri, ndipo mkaguzi wa magari wa polisi akubali kumtazama mtu huyo. Mji mzima ulijua mahali ambapo kijitabu hujazwa chote kwa kikao kimoja cha chai na mandazi. Kwa Celestino haikuwa hivyo. Mfanyabiashara mwenye malori matano alimletea kijana wake, akamwambia huyu anajua tayari, andika tu. Celestino akamtazama kijana, akasema, "Hapana. Arudi Jumanne." Kijana akarudi Jumanne, na Jumanne nyingine, na nyingine, mpaka akajua kweli.

Mstari wa mwisho, ule wa safari ndefu, serikali haikusema safari iende wapi. Walimu wengine waliwapeleka wanafunzi hadi Nebbi wakala samaki wakarudi. Celestino aliwapeleka Vurra, mpakani. Watu wa forodha walimzoea, wakamwachia apite na lori la shule hadi upande wa Kongo, kilomita chache tu, halafu ageuze. Huko Kongo magari hupita mkono wa kulia wa barabara. Kwetu Uganda hupita kushoto. Sudani Kusini nako ni kulia. Dereva wa huku kwetu West Nile anayebeba mizigo anaweza kubadilisha upande mara nne kwa wiki moja, na hakuna mstari wa kijitabu unaosema neno juu ya hilo.

Celestino alilijua kwa mwili wake. Mwaka wa themanini, akiwa na miaka kumi na sita, alikimbia vita pamoja na wazazi wake mpaka upande wa Aru, Kongo, na ni huko uhamishoni alikojifunza kushika usukani, kwenye lori la mbao la mtu mmoja mkali sana. Waliporudi nyumbani alipata kazi Arua ndani ya wiki moja. Wiki hiyohiyo, asubuhi, baada ya kusimama kunywa maji, aliingia barabarani upande wa kulia bila hata kujua, akakutana na mtu wa baiskeli na gunia lake la muhogo. Mtu alipona. Baiskeli haikupona.

Ndiyo maana aliwaambia wanafunzi wake kwamba kuvuka mpaka si tatizo. Ukivuka uko macho, unaona kizuizi, unaona askari, unawafuata wenzako. Hatari ni baadaye, ukishasimama kando kununua kitu au kujisaidia, ukarudi garini na barabara haina mtu. Hapo mikono hukumbuka ilikokuwa jana. Basi kwenye safari hiyo aliwazoesha jambo moja: saa ya mkono ihame. Ukiwa Uganda ivae kushoto, ukiingia Kongo au Sudani ivae kulia, na kabla ya kutia gia itazame, useme kwa sauti uko nchi gani. Watu wazima, wenye wake na watoto, walikaa ndani ya lori wakisema "Uganda" kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza. Walimcheka, lakini walifanya, kwa sababu asiyefanya hakupata saini.

Sasa Enoch. Enoch alikuwa mtoto wa Margarita, dada yake Celestino, ambaye aliolewa Vurra kwa Ocokoru na akafa miaka tisa iliyopita, kijana akiwa bado anasoma. Kwetu mtoto ni wa boma la baba, lakini damu ni ya kwa mama, na kwa mjomba wake mtoto hana mlango uliofungwa. Enoch alikuwa akija Pajulu anashika kuku bila kuomba, anamfunga miguu, anamning'iniza kwenye pikipiki, ndipo anaingia ndani kusalimia. Mke wa Celestino alinung'unika kila mara na hakuwahi kumkataza, kwa sababu mpwa hakatazwi. Celestino alimpenda kijana huyo kuliko alivyojua kusema. Alikuwa na meno ya Margarita, yaliyoachana mbele, na alicheka kama Margarita, kwa kuchelewa kidogo, wengine wakiwa wamekwisha nyamaza.

Enoch alijifunza kwa mjomba wake mwaka jana, na hakupendelewa hata kidogo. Aliendesha vizuri. Alirudisha trela nyuma kwenye njia nyembamba kama mtu anayerudi kitandani kwake. Mistari yote ikajaa isipokuwa wa mwisho, maana wiki ile klachi ya lori la shule ilikufa, na fundi alisema vipuri vitatoka Kampala Jumatatu. Mkaguzi wa polisi alikuwa anakuja Ijumaa, na baada ya hapo hangekuja tena mpaka mwezi upite. Na kulikuwa na tajiri mmoja mjini aliyekuwa na lori la kwenda Yei, Sudani Kusini, aliyesema wazi kwamba Enoch akichelewa atamweka mwingine.

Jumatano alasiri Enoch alifika Pajulu. Kuku walikuwa wanapita mbele ya miguu yake, naye hakuwatazama. Aliweka kijitabu juu ya kigoda.

"Leo sitaki kuku, mjomba. Nataka saini."

"Lori iko kwa fundi," Celestino akasema. "Hujavuka mpaka na mimi. Ngoja mwezi ijayo."

"Mwezi ijayo kazi iko ya mutu mwingine. Na Jovia iko na mimba ya miezi sita. Nitamlisha nini?"

"Hapana."

Enoch hakukasirika. Alicheka, kwa kuchelewa, kile kicheko. "Mjomba, mimi nimezaliwa Vurra. Mpaka iko nyuma ya choo yetu. Tangu utoto naenda soko ya Kongo kwa miguu, narudi jioni. Wewe unataka kunifundisha mpaka?"

Na Celestino akaona ni kweli. Hilo ndilo la kusikitisha, kwamba lilikuwa kweli, na mtu mwenye akili kama yeye akaliona linatosha. Hakukumbuka kwamba anayekwenda sokoni kwa miguu hajui upande. Alichokiona mbele yake ni mtoto wa Margarita, anayeomba kitu kwa mara ya kwanza badala ya kujichukulia. Akatia saini, akapiga mhuri. Na alifurahi. Kwa miaka yote ile ya kukataa watu, alisikia raha ya kusema ndiyo, moyo ukawa mwepesi, na usiku alilala vizuri. Raha ile ndiyo inayomuuma zaidi kuliko saini yenyewe.

Ijumaa, kwa lori la yule tajiri, Enoch alimpeleka mkaguzi mzunguko mmoja mjini, mkaguzi akashuka akisema hajaona kijana anayebadili gia kwa upole namna hiyo. Pamiti ikatoka. Enoch akaondoka na lori la mahindi kwenda Yei, na mara moja alipiga simu akisema barabara ya kule ni mashimo matupu, lakini mikono imezoea.

Simu nyingine ilikuja Alhamisi, wiki ya tatu, saa nne asubuhi. Celestino alikuwa anamfundisha mama mmoja kurudi nyuma kati ya mapipa. Aliyepiga alikuwa tanboi wa Enoch, utingo wake, analia, yuko Koboko hospitalini. Yeye mwenyewe alikuwa amevunjika mkono tu. Celestino alimwambia yule mama azime gari, akashuka, akasahau hata kufunga mlango.

Koboko walimwonyesha Enoch, chini ya shuka. Uso haukuharibika. Celestino alimshika mkono wa kushoto, kisha wa kulia. Hakuna mkono uliokuwa na saa. Hakulia pale. Alimfunika, akauliza ajali ilikuwa wapi, akakodi pikipiki akaenda mpaka upande wa Midia, kwenye barabara inayotoka mpaka wa Oraba, njia ya kurudi kutoka Yei.

Lori lilikuwa bado limelala mtaroni. Kando ya barabara kulikuwa na mzee mmoja wa Kikakwa aliyetandaza karanga na mahindi juu ya turubai, jina lake Siraji, mtu mpole aliyekuwa askari zamani. Alimpa Celestino kiti chake, yeye akakaa chini.

"Alisimama hapa kwangu," Siraji akasema. "Alinunua karanga. Alikuwa kijana nzuri, ya heshima. Aliniambia bibi yake iko karibu kuzaa, nikamwongezea karanga ya bure. Tanboi alikuwa analala ndani. Kijana alitoka mpakani asubuhi, kwa foleni ya magari, vizuri, mkono ya kushoto. Lakini hapa alikaa. Magari yote ilipita, ikaenda. Barabara ikabaki tupu."

Celestino alijua linalofuata.

"Akapanda. Akaenda kulia, kama iko Yei bado. Mimi niliona, mzee. Nilidhani anakwepa shimo. Nikangoja arudi kushoto. Hakurudi. Kwa kona ile, basi ikatoka. Dereva ya basi akapiga honi. Kijana akakata kulia tena, ndani ya mtaro. Watu ya basi hakuna aliyeumia. Aliwaokoa hao." Siraji akachambua karanga kidogo, akazirudisha. "Sisi watu ya mpaka tunajua hiyo ugonjwa. Mwalimu yake hakumwambia?"

"Mwalimu yake alikuwa na haraka," Celestino akasema.

Polisi waliandika kwamba dereva alishindwa kulimudu gari. Ni maneno wanayoandika kila siku, na mtu yeyote anaweza kuweka ndani yake anachotaka. Nyumbani Vurra kila mmoja aliweka chake: breki za tajiri, watu wabaya wa Yei, uchovu. Hakuna aliyetaja upande wa barabara.

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu, kwa faida ya mgeni. Mtoto akifa, watu wa boma la baba hawamziki mpaka wajomba waje. Wajomba huja kwa kundi, uso umekunjamana, wengine na fimbo, na mkubwa wao husimama katikati ya ua na kuuliza: tuliwapa damu yetu ikiwa hai, mmeifanya nini? Watu wa baba hujibu kwa unyenyekevu, na hutoa ng'ombe. Jibu lisipowaridhisha wajomba, kaburi hungoja. Mkubwa wa kaka zake Margarita alikuwa Celestino. Swali la Enoch lilikuwa lake, na hakuna mwingine ambaye angeliuliza.

Na alikuwa hodari wa kuuliza. Margarita mwenyewe alipofariki, yeye ndiye aliyesimama katika ua ule akiuliza dada yake amefanywa nini, akamkoromea Ocokoru mbele ya watu mpaka yule mume, mwenye msiba wake, akalia kwa sauti. Watu wa Pajulu walimsifu njiani wakirudi. Leo aliikumbuka sifa ile, akaona aibu.

Jumamosi, siku ya tatu, wajomba waliingia Vurra karibu na adhuhuri. Wanaume thelathini hivi. Jovia alikuwa ndani, ameketi sakafuni karibu na jeneza, mkono mmoja juu ya mbao na mwingine juu ya tumbo. Chini ya mti wa mwisho wa boma alifungwa fahali mwekundu, na kila mtu aliyejua boma hilo alijua kwamba ndiye fahali pekee aliyebaki. Celestino aliwaambia ndugu zake wangoje kidogo, akamwomba Ocokoru wazunguke nyuma ya nyumba. Wazee wakashangaa, maana si kawaida, lakini wakangoja.

Ocokoru alikuwa amekonda kwa siku tatu. Alisimama na kofia mkononi, akidhani anaitwa kupatana juu ya ng'ombe.

"Shemeji," akasema, "hiyo ng'ombe ni moja tu. Najua haitoshi."

"Si ng'ombe." Celestino aliongea akitazama chini. "Kuna somo moja sikumfundisha. Ile ya kuvuka, ya upande. Niliandika kwamba nimemfundisha. Aliingia barabara mkono ya kulia, mzee mmoja aliona. Hakuna breki, hakuna watu ya Yei. Ni mimi."

Akangoja. Tangu Midia alikuwa amewaza namna Ocokoru atakavyofanya, na alichotamani ni kupigwa. Alitamani mtu amshike shingo, amburute mpaka mbele ya ndugu zake, aseme yule mnayemtafuta ni huyu. Angelala kwa amani kidogo. Ocokoru aliizungusha kofia mkononi.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Ni mimi nilimtuma kwako," Ocokoru akasema. "Ile Jumatano. Alitaka kungoja mwezi. Mimi nikamwambia, mjomba yako anakataa watu yote, lakini wewe hawezi kukukataa. Nenda."



"Basi niseme mbele ya watu," Celestino akasema. "Mimi sitauliza. Na ng'ombe sichukui."

"Utachukua. Sikia, shemeji. Ukikataa kuuliza, wazee wako watataka kujua sababu. Ukisema sababu, wazee wangu watataka ninyi mlipe. Watakaa hapa siku nne, tano, wakibishana nani ndiye mwenye kosa, na mtoto iko ndani. Jovia iko na yeye hapo sakafuni tangu juzi, hataki kula. Mimi nataka kuzika mtoto yangu leo." Akavaa kofia, kisha akaivua tena, kama aliyesahau aliivulia nini. "Wewe uliza. Mimi nitajibu."

"Siwezi."

"Uliweza kuandika. Hii pia utaweza."

Hakulisema kwa ukali. Kama angelisema kwa ukali ingekuwa nafuu. Alitangulia kurudi uani, na Celestino akamfuata.

Watu walikuwa wamekaa pande mbili, Vurra huku, Pajulu kule, na nafasi tupu katikati. Celestino akaingia katika nafasi hiyo. Kupitia mlangoni aliona miguu ya Jovia. Aliyaondoa macho yake pale, watu wakadhani ni uchungu, na baadhi ya wanawake wakaanza kulia.

"Tuliwapa damu yetu ikiwa hai," akasema. "Mtoto wa Margarita, mmemfanya nini?"

Ocokoru alisimama, kofia mkononi, mbele ya ukoo wake wote.

"Alikuwa mikononi mwetu," akajibu. "Hatukumwangalia. Kosa ni letu. Wajomba, mtusamehe."

Kisha upande wa Pajulu kukatokea manung'uniko. Mzee mmoja wa ukoo wa Celestino, aliyekuwapo siku ya Margarita na kuikumbuka vizuri, akagonga fimbo yake chini, akasema jibu hilo limetoka haraka mno, na swali lenyewe halikuulizwa kama mtu anayeuliza. Mtoto wetu hakuwa kuku, akasema. Celestino, uliza tena, uulize kwa nguvu.

Wenzake wakaitikia. Celestino akamgeukia Ocokoru, na Ocokoru akamwashiria kwa kichwa, kidogo tu, aendelee. Akauliza tena kwa sauti ile ya miaka tisa iliyopita, mpaka mishipa ikamtoka shingoni, akitaka kujua ni nani aliyemwua mtoto wa dada yake. Na Ocokoru akajibu neno kwa neno kama mwanzo, kwamba kosa ni lao, ndipo wajomba wakaridhika na kaburi likachimbwa.